Tai ya baba, koti la mitumba na mahojiano ya Malindi

Assalaam aleikum Mzee Fundi,

Shikamoo. Mimi ni kijana wa miaka 26, mzaliwa wa Langoni, Lamu, kitinda mimba kwetu. Nimesomea uhasibu, na baada ya kuzungusha vyeti miaka miwili nimeitwa kwenye mahojiano ya kazi katika ofisi moja mjini Malindi. Zimebaki wiki tatu. Ni siku ya Jumatano, saa tatu asubuhi. Barua inatutaka tuje na vyeti halisi na tuwe tumevaa kirasmi. Neno hilo moja limeniondolea usingizi.

Mzee, mimi nimekulia ndani ya kanzu. Ijumaa kanzu, Idi kanzu, Maulidi kanzu, harusini kanzu na koti. Nyumbani kikoi. Tai niliivaa shuleni tu, nayo kaka yangu, ambaye sasa yuko Qatar, ndiye aliyenifungia siku ya kwanza ya kidato cha kwanza. Sikuifungua tena mpaka namaliza. Nilikuwa nailegeza, naivulia kichwani, naitundika msumarini. Mpaka leo sijui kufunga tai, na naona haya kumwambia mtu hapa mtaani.

Suti ninayo. Nimeinunua mitumba, buluu iliyokoza, inanikaa vizuri mabegani, na suruali nimepunguziwa na fundi wa hapa. Shati jeupe ninalo. Shida ni tai, na tai yenyewe imeleta maneno nyumbani.

Mama aliposikia habari ya mahojiano alifungua sanduku lake akatoa tai ya marehemu baba. Baba alikuwa karani Mombasa miaka ya 1970, na mama alikuwa naye huko, kabla hawajarudi Lamu kufungua duka. Tuna picha yake moja ya studio: amevaa suti, na ncha ya tai hiyo ameishika kwa vidole viwili. Ni ya kahawia yenye mistari ya rangi ya chungwa, pana kama kiganja changu, na karibu na ncha ina doa jeusi. Inanukia udi. Mama aliniwekea mapajani akasema, "Baba yako aliandikwa kazi na hii." Sikuwa na la kujibu. Usiku nikaiweka juu ya suti yangu mbele ya kioo, nikaona imelimeza koti lote.

Ami yangu, aliyenilea tangu baba afariki nikiwa darasa la tatu, anasema tai ni alama ya msalaba na mtoto wa Kiislamu hana haja nayo. Niende na kanzu yangu safi, riziki inatoka kwa Mungu. Ami sikumjibu. Ni mtu wa haki na hajanikosea hata siku moja. Rafiki yangu wa Mombasa ananiambia ninunue ile tai ya kubana kwa klipu. Mwingine ananiambia fundi anaweza kuikata ya baba ikawa nyembamba.

Nivae tai gani, Mzee? Nifunge vipi? Na mama nimwambie nini?

Kijana wa Langoni, Lamu

*

Waaleikum salaam, mwanangu. Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, na nimeanza kuijibu usiku huohuo, maana wiki tatu si nyingi kwa mtu anayejifunza kufunga tai.

Nianze na lile linalokuuma. Tai ya baba usiivae siku ya mahojiano, na usimruhusu mtu yeyote kuitia mkasi.

Kwa macho ya fundi tai hiyo haina kosa, ukiliacha lile doa. Kosa ni kuikutanisha na koti lisilo lake. Kila koti la suti lina ile kola inayoshuka na kukunjika kifuani. Hapa nitaiita ukosi. Tai, pale ilipo pana kabisa karibu na ncha, inatakiwa ikaribiane na upana wa ukosi huo. Miaka ya 1970 makoti yalikuwa na kosi pana sana, na tai zikapanuka nazo, sentimita 10, 11, hata 12. Kwa hiyo baba yako alivaa sawasawa kabisa kwa koti lake. Makoti yanayoingia mitumbani sasa mengi yana ukosi mwembamba, na tai inayoyafaa ni ya sentimita 7 mpaka 8 na nusu hivi. Chukua rula, pima ukosi wa koti lako pale ulipo mpana, na namba hiyo uwe nayo unapokwenda sokoni.

Kuipunguza tai kunawezekana, na nimeshawapunguzia wateja. Unafumua mshono wa mgongoni, unatoa bitana ya katikati, unakata pande zote mbili, unarudishia. Lakini kitambaa kikishakatwa hakirudi, na ile ncha aliyoishika baba yako kwa vidole viwili itabaki vipande vipande chini ya meza ya fundi. Anayekushauri hivyo hajaiona picha. Mimi sijaiona pia, ila umenieleza, na inanitosha.

Sasa ami yako. Umefanya vizuri kunyamaza. Neno la halali na haramu litoke kwa wenye elimu, nanyi Langoni hamko mbali nao, msikiti wa Riyadha uko hapo hapo. Mimi naweza kukupa habari ya kitambaa chenyewe. Katika karne ya 17, Ulaya ikiwa kwenye Vita vya Miaka Thelathini, vya 1618 hadi 1648, askari wa kukodiwa kutoka Kroatia walionekana Ufaransa wakiwa wamefunga vitambaa shingoni. Wafaransa wakavipenda, mfalme Louis XIV akavivaa, na jina la Kifaransa la tai, yaani kravati, limetokana na jina la Wakroatia hao. Kilikuwa kitambaa cha shingoni cha askari. Kikaendelea kubadilika umbo, mara kikiwa na lesi, mara kikizungushwa shingo nzima, mpaka kikawa huu ukanda mrefu tunaoujua. Katika habari yote hiyo sijakuta msalaba.

Hata hivyo ami yako hakulitoa neno lake hewani. Tai ilifika pwani yetu pamoja na ofisi na shule za Mwingereza, na Waislamu wengi waliiona kama alama ya mwenyewe aliyeileta. Iran, baada ya mapinduzi ya 1979, maofisa wa serikali waliacha kuivaa kwa sababu ya namna hiyo. Misri, Uturuki na Jordan, Waislamu huivaa kazini kila siku. Mambo yote mawili yapo duniani, na mtu wa haki kama ami yako atakusikiliza ukimwendea kwa adabu. Mwendee baada ya Isha, ukiwa na barua ya mahojiano mkononi. Mwambie, "Ami, nimeitwa, na wenye kazi wametaka mavazi ya kiofisi. Nataka radhi yako kabla sijapanda boti." Mwombe mwende pamoja kwa mwalimu mnayemwamini wote wawili, mkaulize. Mkienda pamoja, jibu lolote litakalotoka halitawatenganisha.

Kuhusu kanzu: kanzu safi na koti ni vazi la heshima kamili, na anayesema si rasmi hajakaa barazani kwetu. Lakini ofisi za Kenya zikiandika "kirasmi" kwa mwanamume, mara nyingi zina koti, shati la kola na tai akilini. Si zamani, Novemba 2023, Spika wa Bunge la Taifa, Moses Wetang'ula, alizikataza suti za Kaunda bungeni na kusema mwanamume aje na koti, kola, tai, shati la mikono mirefu na suruali ndefu. Mawazo hayo ndiyo yaliyoko kwenye maofisi mengi. Ukipenda kwenda na kanzu, piga simu kwenye namba iliyo kwenye barua, uliza. Kuuliza hakukupunguzii kitu.

Kuna jambo ambalo ami yako angelishika lingekuwa na uzito kuliko msalaba, nalo ni hariri. Tai nyingi zinazosifiwa ni za hariri, na mwanamume wa Kiislamu haivai hariri safi. Iko hadithi inayotaja ruhusa ya kiasi cha vidole viwili, vitatu au vinne, na hiyo nayo waulizwe wenye elimu. Kijana akija kwangu na swali hili humchagulia nje ya hariri kabisa, na hapungukiwi na kitu. Sufu nyepesi ni bora ya zote: haikunjamani ovyo, na fundo lake linashika lisiteleze. Usiogope jina la sufu kwa sababu ya joto, ni ukanda mdogo tu kifuani. Pamba nzuri inafaa. Kitani kina sura ya pwani na upepo, ila hujikunja, na mbele ya jopo la mahojiano mimi nisingekichagua. Poliesta ndiyo utakayoikuta kwa wingi na kwa bei nafuu, chagua isiyong'aa. Poliesta inayometa kama karatasi ya peremende inaonekana tangu mlangoni.

Na ya baba ipime. Igeuze, utafute lebo mgongoni. Ikiwa imefutika, vuta uzi mmoja mfupi kutoka ndani ya pindo, urefu wa pingili ya kidole, uushike kwa kibano juu ya sahani yenye maji, uuguse na moto wa kiberiti. Hariri hunuka kama nywele zilizoungua, na jivu lake ukilibinya linasagika. Sufu hunuka hivyohivyo, ila utaitofautisha kwa mkono, ina manyoya manyoya. Pamba huungua kama karatasi. Poliesta huyeyuka na kuacha kitone kigumu kama ushanga. Ikitoka ushanga, nijulishe, kwa sababu nina mpango na tai hiyo. Na udi usiifukizie tena kwa kuitandaza juu ya chetezo. Kama ni poliesta, cheche moja inatosha kuitoboa.

Twende sokoni. Utapata tai mitumbani Lamu au Malindi, lakini nunua Lamu ili upate siku za kufanyia mazoezi. Na usiwe na wasiwasi kwamba hujui kuchagua. Wewe ni wa Lamu, umewaona watu wakishona kofia ya vito miezi na miezi, na bila shaka unaweza kuishika kofia, ukatazama yale matundu madogo yalivyozungushiwa uzi, ukajua mkono uliotulia na mkono uliokuwa na haraka. Jicho hilohilo lipeleke kwenye tai.

Ishike kwa ule upande mwembamba, uiache ining'inie. Ikishuka wima, sawa. Ikijipinda na kuzunguka kama pweza aliyeanikwa, iache, imekatwa vibaya. Tai nzuri hukatwa hanamu, kitambaa kikilazwa pembeni nyuzi 45, na hushonwa vipande vitatu. Ukataji huo ulianzishwa na fundi wa New York, Jesse Langsdorf, miaka ya 1920, nao ndio unaoifanya tai ivutike kidogo na kurudi mahali pake bila kubaki na makunyanzi. Kabla yake tai zilikuwa zikichoka haraka. Ivute kidogo, taratibu, uone kama inarudi. Kisha igeuze: mgongoni utaona uzi mrefu unaoshika mshono wote, na wakati mwingine kitanzi kidogo cha uzi huo kikichungulia ndani ya ncha. Kitanzi hicho usikivute wala usikikate, kimeachwa makusudi ili mshono usikatike tai ikivutwa. Mwisho tazama pale fundo hukaa, karibu na katikati ya tai, kuelekea upande mpana. Pakiwa pamechakaa au panang'aa kwa mafuta ya shingo ya mwenyewe wa kwanza, rudisha.

Mitumba ina mtego mmoja. Tai nyingi zinazotoka Uingereza ni za shule, vilabu na vikosi vya jeshi, zenye nembo au mistari maalumu. Mtu anayeifahamu nembo hiyo akiiona kifuani kwako atakuuliza ulisoma mwaka gani, nawe huna jibu. Chagua isiyo na nembo. Mistari pia waachie wengine safari hii.

Rangi isikusumbue. Suti buluu iliyokoza, shati jeupe: tai iwe ama buluu iliyokoza yenye vidoti vidogo, ama ile rangi ya damu ya mzee, bila maua. Iwe imekoza kuliko shati. Kama inauzwa na leso ya mfukoni ya kitambaa kilekile, leso mwachie mwenye duka. Ningekuwa na wewe pale mezani, mkono wangu ungekwenda kwenye damu ya mzee, kwa sababu uso wa kijana mwembamba juu ya buluu tupu hupotea. Lakini sijakuona, shika zote mbili chini ya kidevu, mbele ya mtu anayekupenda, umwulize ipi imekuchangamsha.

Ile ya klipu iache. Polisi na walinzi wa nchi nyingi huivaa kwa sababu ikivutwa inang'oka, na kwao hilo ni jambo la maana. Wewe unakwenda kukaa kitini.

Sasa kufunga. Kwanza kola, maana fundo zuri kwenye kola mbaya ni kazi bure. Kifungo cha juu cha shati kifungwe, na kati ya kola na shingo viingie vidole viwili. Visipoingia utahema kama samaki mbele ya jopo. Vikiingia vinne, shati si lako. Zile ncha za kola zikipinda juu, zipige pasi kutoka nchani kwenda katikati, na wanga kidogo.

Mwaka 1999 wataalamu wawili wa fizikia wa Cambridge, Thomas Fink na Yong Mao, walipiga hesabu wakapata namna 85 za kufunga tai. Wewe unahitaji moja. Simama mbele ya kioo, inua kola, weka tai shingoni, upande mpana uwe kulia kwako na ushuke chini kuliko ule mwembamba kwa kama shibiri moja na nusu. Pitisha mpana juu ya mwembamba kwenda kushoto. Uupitishe chini ya mwembamba urudi kulia. Uupitishe tena juu, kwenda kushoto. Sasa mbele umepata kama mkanda uliolala. Upandishe mpana kutoka chini, utokee juu kwenye uwazi wa shingoni, kisha uuteremshe ndani ya mkanda ule uliolala. Shika mwembamba kwa mkono mmoja, na kwa mwingine pandisha fundo taratibu mpaka likae kati ya ncha za kola. Kabla halijakaza, bonyeza kwa kidole cha shahada chini yake tu, katikati ya kitambaa, kikae kibonde kidogo kama kile cha shavuni kwa mtoto anayecheka. Kibonde hicho ndicho kinachoipa tai uhai. Bila hicho inakaa kama ubao.

Fundo hili halitoki sawa pande zote mbili, limeegemea kidogo, na hivyo ndivyo lilivyo. Usilipige vita. Ni dogo, linafaa kola ya kawaida na linafaa shingo nyembamba.

Ukimaliza, simama wima, shusha mikono. Ncha ya tai iguse bizimu ya mkanda wako. Ikiishia tumboni umeanza fupi, ikivuka bizimu umeanza ndefu. Fungua uanze upya, siku ya kwanza utarudia mara kumi na zaidi. Tai nyingi zina sentimita 145 hadi 150, kwa hiyo kama wewe ni mrefu sana ipime kabla ya kununua. Ule upande mwembamba uingie kwenye kitanzi cha nyuma ya mpana ili upepo wa bahari usiupeperushe. Kibanio cha tai huhitaji, na kama utapewa zawadi, kisiwe cha dhahabu.

Umesema unaona haya kumwuliza mtu mtaani. Mwulize mama. Mwanamke aliyeishi na karani Mombasa miaka ile ameitazama tai ikifungwa asubuhi nyingi kuliko mwalimu yeyote nitakayekutafutia. Kaa naye na hiyo mpya, mwambie akuonyeshe baba alikuwa akianza upande upi. Huenda mikono yake haikumbuki, lakini macho yake yatajua fundo likikaa vibaya. Fanya hivyo kila jioni, usiku kumi tu. Na ukiivua, fungua kwa njia uliyofungia, hatua kwa hatua. Ile tabia ya shuleni ya kuivulia kichwani na kuitundika na fundo lake inavunja bitana, na kovu lake halitoki.

Safari. Usivae tai kwenye boti ya Mokowe wala kwenye basi. Safiri siku moja kabla; kama una ndugu Malindi, lala kwake, kama huna, tafuta chumba cha bei ya kadiri karibu na mji wa kale. Suti ining'inie au ikunjwe ndani nje. Tai iviringishe polepole kuanzia upande mwembamba, kama mtu anayeviringisha mkeka mdogo, kisha uitie ndani ya kofia yako ya vito, na juu ufunike na leso safi. Kofia imesimama, haiwezi kuponda, na tai itafika Malindi kama ilivyotoka Lamu. Mimi husafiri hivyo. Ukikuta mkunjo, itundike bafuni wakati wa kuoga maji ya moto, au ishike mbali kidogo na mvuke wa birika. Pasi isiiguse moja kwa moja, na maji usiiloweke kamwe, kwa kuwa bitana ya ndani hurudi kwa kipimo chake na kitambaa cha juu kwa chake, tai ikabaki na mawimbi.

Asubuhi ya Jumatano fika karibu na ofisi mapema, ukiwa na shati tu. Joto la Malindi unalijua. Tafuta msikiti, nawa uso na shingo, kaa kwenye upepo mpaka ukauke, ndipo ufunge tai na uvae koti. Ukishaingia, usiilegeze wala usiishikeshike. Mkono ukikosa kazi, uweke juu ya bahasha ya vyeti.

Nimebakiza mama. Usimwambie kwamba tai ya baba imepitwa na wakati. Mama halijui neno hilo na hataki kulisikia. Mwonyeshe kwa rula. Weka koti lako kitandani, weka tai juu yake, apime mwenyewe, aone kwamba haitoshani na koti hili. Halafu leta ile picha ya studio, muitazame pamoja karibu na dirisha. Utaona ukosi wa koti la baba, namna ulivyokuwa mpana, na namna tai ilivyotulia juu yake.

Kisha mwulize koti lile liko wapi. Aliyeitunza tai miaka yote hiyo huenda hakulitupa koti. Kama liko chini ya sanduku, lipigwe upepo kivulini siku mbili, lisianikwe juani. Tazama kwapani na kwenye mikunjo kama nondo wameingia. Lile doa la tai usiliguse wala usilisugue, libaki hivyo mpaka nilione. Pima mabega ya koti kutoka mshono hadi mshono, pima ukosi pale ulipo mpana, pima na mabega yako, uniletee namba hizo ukija Malindi, pamoja na habari ya ule uzi uliouchoma.